Pampu ya Maji na Mjomba Aliyetungoja Muheza

Ndugu zangu, tangu nirudi, kila ninayekutana naye msikitini, sokoni au hapa karakana ananiuliza swali moja: "Idrisa, ilikuwaje hata mkachelewa?" Kila mmoja nimempa kipande. Huyu nimemwambia gari lilichemsha, yule nimemwambia ni kudra ya Mungu. Yote ni kweli, lakini hakuna aliyesikia kweli yote. Nimeona bora niiandike mara moja, toka tulipoondoka hadi tuliporudi, kila mtu aisome na aninyooshee kidole panapostahili.

Kwa wasiotujua vizuri: mama yangu, Bi Mwanaidi, alikuwa amebakiwa na mdogo wake mmoja tu duniani, Mjomba Shabani. Hawakusemezana miaka kumi na mmoja. Ugomvi ulikuwa shamba la bibi kule Mapinga, la mikorosho na minazi michache. Mjomba aliwauzia watu wa mjini bila kumshauri dada yake, kisha akahamia Muheza, kwao mkewe. Siku hizi pale pana kuta na mageti ya chuma, na mama akipita njia ile kwenda Dar hugeuza uso upande wa pili mpaka tupavuke.

Mwaka huu figo za mjomba zikaanza kumshinda. Alinipigia mimi. "Mwambie dada aje. Nataka radhi yake, sina jingine."

Nilipomfikishia mama ujumbe, aliendelea na kazi zake siku mbili. Ya tatu akaniambia, "Tunakwenda Alhamisi."

Nikamshauri, "Basi msalimie kwanza kwa simu, mama, moyo wake utulie."

"Maneno haya hayasemwi kwenye simu," akasema. "Nitamwambia namwona."

Kwa Fundi Rajabu

Gari langu mnalijua, lile jeupe la mkia mrefu ninalobebea mbao. Limetembea kilomita laki tatu na arobaini elfu, na nyingi kati ya hizo nimezitembeza mimi. Siku nne kabla ya safari nililipeleka kwa Fundi Rajabu, ambaye amelishika tangu nilinunue. Aliingia chini yake, akatoka, akafungua boneti, akaiminya hozi ya juu ya rejeta, ule mpira mnene unaopitisha maji ya kupoza injini.

"Sikiliza," akasema, akaiminya tena. Ilitoa mlio wa mkate mkavu unaovunjwa.

"Inavuja?"

"Haivuji."

"Sasa tatizo nini?"

"Imezeeka. Na pampu ya maji, hebu ona hapa." Akanionyesha ukoko wa chumvi chumvi, wa kijani, mwembamba, umeteremka chini ya pampu. "Hii inatoa jasho. Gari la umri huu, Idrisa, hungoji kitu kife ndipo ukibadilishe. Unakwenda Muheza na mama. Niachie siku mbili nifungue mkanda wa injini, nibadilishe mkanda, pampu na hozi zote kwa mkupuo."

"Na shokapu? Likipita kwenye tuta linagonga kama ngoma."

"Shokapu zimechoka, ndiyo. Lakini shokapu haitakulaza njiani. Itakuumiza mgongo tu."

Uwezo wa kufanya yote kwa pamoja sikuwa nao. Wa kufanya moja nilikuwa nao, nikachagua shokapu. Nilijiambia ni kwa ajili ya mgongo wa mama, na mgongo wake ni mbovu kweli. Lakini kwa kuwa nimeahidi kweli yote, niseme na hili: nilimwambia Rajabu anipigie rangi bampa la mbele lililokwaruzika, na nilinunua vitambaa vipya vya viti. Watu wa Muheza hawajaniona miaka kumi na mmoja. Sikutaka wamwone mama akishuka kwenye mkweche.

Mimi ni seremala. Kila wiki namwambia mteja fulani kwamba mchwa ukiuona kwenye fremu ya mlango, ujue ndani umeshakula. Usingoje mlango uanguke. Nawashangaa wanaponiambia, "Tutaona mwezi ujao." Na mimi nikamwambia Rajabu, "Nikirudi tutafanya pampu. Mbona bado inakwenda?"

Akafuta mikono kwa tambara. "Haya. Gari ni lako."

Bagamoyo hadi Msata

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama alikaa mbele, amevaa baibui lake jipya, mapajani amepakata kapu lenye mikate miwili ya kumimina aliyoipika jana yake. Mjomba alipokuwa mdogo, alinieleza, alikuwa akiidokoa kando kando kabla haijapoa, halafu anasema ni panya.

"Panya gani anakula kwa kuzunguka duara?" mama akasema, akacheka peke yake. Sikuwa nimemsikia akimcheka mjomba kwa wema tangu nina ndevu za kwanza za mvi.

Nilimpigia mjomba tukiwa bado hatujavuka Makofia. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa na furaha. "Mwambie dada nimeshanyoa," akasema. "Nimevaa kanzu. Mtafika saa ngapi?"

"Kabla ya adhuhuri, mjomba, Inshallah."

"Basi sili mpaka mfike."

Barabara ilikuwa nyeupe, magari machache. Shokapu mpya zilifanya kazi yake. Mama hakulalamika hata tuta moja, nami nikajisifu moyoni kwamba nilichagua vyema.

Msata tulisimama kunywa chai. Tulipata chapati na supu ya mbuzi. Mama akaikataa supu kwa sababu ilikuwa na pilipili nyingi, akachovya chapati yake kwenye chai. Niliporudi kwenye gari niliona chini yake, upande wa mbele, matone. Niliinama, nikagusa. Yalikuwa ya kijani na yalinukia utamu utamu.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Maji tu, mama."

Nilifungua boneti. Hozi ya juu ilikuwa imevimba shingoni, pale inapobanwa na klempu. Upande wa pili wa barabara palikuwa na gereji, matairi yamepangwa nje, mtu mzima amekaa kwenye benchi anasoma gazeti, hana kazi. Nilimtazama, naye akanitazama. Ningevuka barabara tu. Lakini nilitazama pia saa, nikaona saa mbili kasoro, nikahesabu kwamba gereji ni saa nzima au zaidi, na mjomba hajala. Nikaongeza maji lita moja na nusu, nikafunga, tukaenda.

Msata hadi Mbwewe

Daraja la Wami tulilivuka salama. Ni kwenye kuupandisha mlima wake ndipo mshale wa joto ulipoanza kusogea. Nilizima redio, nadhani ili niusikie mshale. Mama alikuwa ananisimulia habari za harusi ya mjomba, nami nilikuwa naitikia "eeh, eeh" bila kujua naitikia nini.

Kisha pakatoka mlio kama wa puto linalopasuka, na kioo chote cha mbele kikawa cheupe kwa mvuke.

Nililiweka gari pembeni. Nilimshusha mama, nikamkalisha kwenye kopo la rangi nililokuwa nalo nyuma, chini ya kijiti kisicho na kivuli cha maana. Hozi ilikuwa imepasuka urefu wa kidole.

Lori la mahindi likasimama nyuma yetu. Dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, alishuka akamsalimia mama kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka salama?"

"Salama, mama. Poleni." Kisha akaja kuangalia. Hakuniuliza lolote. Alirudi kwenye lori akaja na ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, akauvingirisha juu ya mpasuko, akaukaza kwa waya, akanimiminia maji yake mwenyewe.

"Hii itakufikisha Mbwewe," akasema. "Usipite Mbwewe nayo. Umenisikia? Unaye mzazi."

Nilimwambia nimesikia. Nilimpa kipande cha mkate wa kumimina, mama mwenyewe akiukata kwa kisu changu cha kazi. Dereva alikula amesimama, akasifu iliki, akaondoka. Jina lake sikuliuliza, na mpaka leo najilaumu.

Mbwewe

Fundi wa Mbwewe aliitwa Omari, Mzigua, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa na uwanja wenye mikebe ya oili na mwarobaini mmoja. Aliikagua hozi, akatikisa kichwa. "Ya namna hii yenye kona mbili sina. Itoke Chalinze. Kuna duka la spea pale, nikupe namba uwaeleze mwenyewe."

Nikapiga. Nikamweleza muuza duka aina ya gari na mwaka wake. "Nataka hozi ya rejeta," nikasema. "Ya juu."

"Ya juu kabisa?"

"Ndiyo, ya juu."

"Sawa, bosi. Nampa bodaboda sasa hivi."

Sasa hapa ndipo pananiuma kuliko pote, hata kuliko yale ya Bagamoyo kwa Fundi Rajabu. Tukiwa tunangoja, saa nne hivi, basi la kwenda Tanga lilisimama mbele ya gereji kumshusha abiria. Ilikuwa wiki ya shule kufunguliwa na mabasi yote yalikuwa yakipita yamefurika. Yule aliyeshuka akaacha kiti kimoja wazi. Kondakta akapaza sauti, "Muheza, Tanga! Nafasi moja!"

Mama akasimama. Alikuwa ameshashika kapu lake.

"Idrisa, nipandishe. Nitatangulia. Wewe utanifuata."

"Mama, hozi iko njiani. Bodaboda ameshatoka Chalinze. Dakika arobaini, tunaondoka pamoja."

"Nipandishe tu, mwanangu."

"Na magoti yako? Ngazi zile? Ukishuka Muheza nani atakupokea? Keti, mama. Dakika arobaini."

Alinitazama, akalitazama basi. Mama si mtu wa kubishana mbele za watu. Akaketi. Kondakta akapiga bodi makofi mawili, basi likaondoka.

Magoti yalikuwa kisingizio. Mle ndani wangempandisha kwa mikono, na Bi Salma, mke wa mjomba, angempokea stendi kwa simu moja tu. Ukweli ni kwamba nilitaka tufike pamoja, kwa gari langu, ijulikane mimi ndiye niliyewapatanisha. Nilimnyima mama kiti kile kwa sababu ya hamu yangu ya kuonekana.

Hozi ilifika saa sita. Fundi Omari aliitoa kwenye mfuko, akaigeuza, akaigeuza tena. "Hii ni ya chini," akasema.

Nikampigia muuza duka kwa hasira. "Nilikwambia ya juu!"

"Bosi, hiyo ndiyo ya juu! Hakuna hozi ya juu kuliko hiyo Chalinze nzima. Ningetaka kukudanganya ningekuletea ile ya hali ya chini."

Fundi Omari alicheka mpaka akavua miwani. Hata mama alitabasamu. Mimi nilikaa chini kwenye mchanga. Ile iliyokusudiwa ilikuja saa tisa. Ikafungwa, tukajaza maji, nikawasha. Injini ikaunguruma vizuri. Mama alishaingia ndani na kujifunga mkanda. Fundi Omari akainamisha sikio, akaniashiria nizime.

Maji yalikuwa yanatiririka chini ya pampu, si matone tena.

"Ilipochemsha imejimaliza," akasema. "Lakini hii haikuanza leo. Tazama ukoko huu. Kwani hukuambiwa?"

Mama alikuwa ameteremsha kioo na anatutazama.

"Niliambiwa," nikasema.

Mama akafungua mkanda wake wa kiti, akashuka taratibu, akarudi kukaa alipokuwa.

Pampu nyingine ikaagizwa, safari hii fundi mwenyewe akiongea na duka. Ingekuja jioni, na kufungua mkanda wa injini kwa tochi, alisema, hafanyi. Ukikosea jino moja injini nzima inakwenda. Angeanza alfajiri. Nilisimama barabarani kupunga mkono kila basi lililopita. Madereva walinionyesha kiganja, kwamba wamejaa. Gari la kukodi kijijini lilikuwa moja, nalo lilikuwa limempeleka mgonjwa Miono.

Nilimpigia Bi Salma nikamwambia tutafika kesho asubuhi. Akasema, "Haya, baba. Mungu awalete."

Mke wa Fundi Omari alitupokea kama ndugu. Alitupikia ugali, mlenda na kunde. Mama yangu, mtu wa pwani asiyeupenda mlenda, aliula na akashukuru. Nilimsikia akimwuliza mwenyeji wake, "Mlenda wenu mnautia nini?" na yule akaeleza kwa urefu, huku akichanganya na Kizigua, na mama akiitikia kwa adabu. Kwangu hakusema kitu, isipokuwa aliponipa sahani. "Kula," alisema.

Simu ilikuja baada ya sala ya alfajiri. Ilikuwa Bi Salma. Nilipoona jina lake nilijua. Mama alikuwa bado juu ya mkeka wa kusalia. Nilipiga magoti mbele yake, na kabla sijafumbua kinywa akasema, "Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun." Kisha akasema, "Saa ngapi?"

"Kabla ya adhana, mama."

Akaendelea kuhesabu tasbihi yake mpaka ikaisha.

Mbwewe hadi Muheza

Fundi Omari alikuwa ameshaanza kazi kabla ya jua. Alipopata habari alifanya haraka, na saa tatu alikuwa amemaliza. Malipo ya ufundi alikataa; alipokea ya spea peke yake. "Kamzikeni," alisema.

Muheza walikuwa wamekubali kungoja mpaka adhuhuri ili dada mtu amwone. Niliendesha kwa mwendo ambao sikuwahi kuendesha gari lile. Tulipita Mkata, tukapita Kabuku, mashamba ya mkonge yakaanza kufuatana, na mshale wa joto ulisimama katikati kama umepigiliwa msumari.

Karibu na Segera nilishindwa kunyamaza. "Mama, gari hili limenifedhehesha."

Aliendelea kutazama mbele.

"Usilisingizie gari," akasema. "Gari halikuambiwa kitu. Aliyeambiwa ni wewe."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata pa kujitetea. Nilijibu "Naam," nikaendelea kuendesha.

Muheza

Nyumba ilijaa watu. Wanaume walikuwa uani kwenye mikeka, jeneza limeshaletwa. Mama alichukuliwa na wanawake akaingizwa chumbani alikolazwa mdogo wake, ameshakafiniwa, uso umeachwa wazi kwa ajili yake. Mimi niliingia baada yake, nikasimama mlangoni.

Mjomba alikuwa amekonda sana, kidevu kimenyolewa vizuri. Mama aliinama, akaweka mdomo karibu na sikio lake, akazungumza. Alizungumza muda mrefu, kwa sauti ya chini, kama anavyozungumza mtu na mwenziwe kuhusu jambo la nyumbani. Hakuna aliyesikia alichosema. Mwisho akaufunika uso mwenyewe.

Tulimzika baada ya adhuhuri. Nilikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kumpokea. Alikuwa mwepesi.

Jioni yake Bi Salma alinikuta nyuma ya nyumba. Sikumwuliza, alinieleza mwenyewe. Siku ya Alhamisi mjomba alitolewa kiti barazani tangu saa tatu. Alikaa uso barabarani. Mchana walimletea wali na mchuzi wa nazi, akakataa, akasema anakula na dada. Saa kumi aliomba kiti kisogezwe mbele zaidi, karibu na barabara, kwa sababu macho yake hayakuwa mazuri na aliogopa tungeipita nyumba. Magharibi walimwingiza ndani kwa kumbeba.

"Ulipopiga kwamba mtafika kesho, sikumwambia," Bi Salma akasema. "Niliogopa atakata tamaa. Kila alipouliza nilisema mko karibu. Ningemwambia kweli labda angekubali kula. Labda angelala mapema, akatunza nguvu. Sijui, Idrisa. Nitakuwa najiuliza hivyo."

Nilitaka kumwambia kosa si lake. Nikamwambia. Lakini niliona kwamba hakuna neno langu lililomfikia. Na mimi nikiambiwa hivyo hivyo nanyi, ndugu zangu, kwamba siku zake zilikuwa zimefika, nawaitikia, na ninaamini, maana ni dini yetu. Siku zake zilifika. Lakini kiti kile barabarani hakikuandikwa na siku zake. Nilikiweka mimi.

Kurudi

Mama alibaki Muheza mpaka arobaini. Nilirudi peke yangu, na Jumatatu yake nikampelekea Fundi Rajabu gari. Alishasikia msiba, akanipa pole. Kuhusu pampu hakutaja kitu, na sikujua kama nimshukuru au nimchukie kwa hilo.

Nilimwambia, "Niandikie vyote vilivyozeeka. Si vilivyokufa. Vilivyozeeka."

Akaandika karatasi nzima: hozi ndogo za ndani, kifuniko cha rejeta, feni belti, mipira ya brekpampu, bushi. Tulivifanya kidogo kidogo, kila wiki kimoja au viwili, tukianza na vile vinavyoweza kumlaza mtu njiani na kuacha nyuma vinavyopiga kelele tu. Rangi ya bampa imeshaanza kubanduka, nimeiacha.

Baada ya arobaini nilikwenda kumchukua mama. Alikuwa amepungua, lakini uso wake ulikuwa mtulivu. Aliagana na Bi Salma kwa kulia, wote wawili. Tulikuwa tumeshapita Mkata alipoanza kusema, bila kuulizwa.

"Unataka kujua nilimwambia nini mjomba wako."

"Ukipenda, mama."

"Nilimwambia kwamba mwaka ule, kabla hajauza, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatafuta mnunuzi. Nilikuwa nimemwona dalali wa Mapinga mara mbili. Shabani alinitangulia kwa wiki tatu." Alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Miaka kumi na mmoja watu wakimwita mwizi wa mali ya mama yake, na mimi nimekaa kimya. Kila Ramadhani nasema, mwaka huu nitamwita nimwambie. Kila Ramadhani naona bado kuna wakati. Ndiyo maana sikutaka kusema kwenye simu. Haikuwa hasira, Idrisa. Ilikuwa haya."

Nilimwuliza kama anataka maji, akasema hataki. Baadaye aliweka mkono wake juu ya wangu uliokuwa kwenye gia, akauacha pale mpaka tukavuka Wami.

Msata hatukusimama. Tulifika Bagamoyo saa nane mchana, tukiwa tumetumia saa nne na dakika arobaini tangu Muheza. Nilitazama saa kabla sijazima injini. Njia nzima gari halikupata joto, halikutoa tone, halikutoa hata mlio. Mama alishuka na mzigo wake akaingia ndani kusali. Mimi nilibaki nimekaa kwenye usukani, nikirudia hesabu ya Alhamisi ile kichwani: kuondoka saa kumi na mbili na nusu, kufika kabla ya adhuhuri; saa nne na dakika arobaini, basi.